Mashine ya Muscat na Jeneza la Msikiti

Mtaa wa Msikitini,
Bongwe, Ukunda,
Kwale.
22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Mbwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na marahaba, nakuitikia mapema maana shikamoo yako imekawia njiani. U hali gani? Kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya viyoyozi vya huko Muscat? Unakula, au bado ni chai na mkate tu? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imepungua, kusi linavuma, mihogo imekubali.

Simu zangu huzipokei tangu tulipomzika baba, basi nimeamua kuandika. Barua anakuletea Biasha, binti wa jirani, anayerudi kazini huko. Nimemwambia asikupe mpaka uwe umekaa chini.

Ujumbe wako wa mwisho niliusoma nikaudhika. Ati kumzika baba hukuja, na hata mashine ya kuchomelea uliyonitumia ni ya bei rahisi isiyo na lolote, basi wewe huna faida kwetu. Hebu nyamaza, Mbwana. Ulikosa tikiti, hukukataa kuja. Na hiyo mashine, ngoja nikueleze.

Ni kweli ilikuwa na upungufu. Moto wake ni mwembamba, mtulivu, naupenda. Lakini gesi inayokinga mshono nilikuwa nikiifungua na kuifunga kwa vidole, pale pale kwenye mpini wa kuchomelea. Nikimaliza kuchoma naifunga upesi isipotee bure, na mwisho wa mshono unatoka mweusi wenye tundu, kama andazi lililoungua. Tena nguvu ya umeme unaipanga kabla hujaanza. Ukishaanza, bomba jembamba linatoboka huku unatazama.

Na kazi niliyokuwa nayo haikutaka tundu. Unalikumbuka jeneza la msikiti, lile la chuma linalobebea maiti wote wa mtaa, linalowekwa nje nyuma ya birika la kutawadhia? Chumvi imelila. Siku ya baba mpini mmoja ulikatika tukiwa njiani kwenda makaburini. Waziri, mwana wa ami, alilidaka kwa bega na baba hakuyumba, lakini mimi moyo ulinipasuka. Nikanuia nitengeneze jipya la stenlesi isiyoshika kutu, liwe sadaka ya baba. Mabomba niliyapata kwenye hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikibomoa vishikio vya bwawa la kuogelea.

Basi nikaifungua zawadi yako, usinune. Iddi, fundi wa redio wa Ukunda, ndiye aliyeshika nyaya. Mimi nilishika taa na kumsumbua. Kule hotelini tuliokota pia mashine ya kufulia iliyotupwa, tukang'oa vali yake ya kuingizia maji, tukaipa kazi ya kufungua na kufunga gesi. Iddi akaiunganisha na kidude cha kupima muda, ili moto ukizimika gesi iendelee kupuliza kidogo mpaka mshono upoe.

Halafu ikaja pedali. Tuliichukua ya cherehani ya umeme ya shemeji yako Zainabu. Iddi akaitoa matumbo, akatia ndani kitufe cha kuzungusha kama kile cha sauti ya redio. Sasa nikikanyaga moto unakua, nikilegeza unafifia. Zainabu alikuwa na kanzu za watu mezani, na maneno niliyoambiwa siku hiyo hayaandikiki. Alitulia tu nilipokwenda dukani kumnunulia pedali nyingine.

Jaribio la kwanza, lo! Mshono ulitoka povu na kutema cheche kila upande. Ile vali hatukuikausha. Ilikuwa bado na maji ya sabuni ya hoteli. Mafundi wawili wazima na mvi zetu! Iddi alicheka mpaka akaketi mchangani. Tukaianika juani, na mshono wa pili ukatoka safi, unang'aa rangi ya asali.

Jeneza lilipokamilika nikataka kujua kama linabeba. Nikalala ndani mwenyewe, nikawaambia majirani waninyanyue wanizungushe uani. Zainabu akatokea na ungo wa mchele, akaniona. Siku nzima hakunisemesha, na wali nilijipakulia.

Jeneza limeanza kazi juzi Ijumaa. Bi Mwanasha, aliyekuwa akitupa vitumbua tukitoka chuoni kusoma Kurani, ametutoka. Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Unajua desturi yetu, hakuna anayebeba mwanzo hadi mwisho. Watu hupokezana, kila mmoja apate thawabu za hatua zake. Nilibeba zamu yangu, nikampisha mwenzangu. Kisha nikakimbilia mbele, nikaingia tena pale alipokuwa Waziri. Akaniuliza, "Kaka Mbarak, wewe si umeshabeba?" Nikamwambia, "Hii ni ya Mbwana." Akanipisha. Nililia, sikufichi, na hapakuwa na aliyenitazama.

Shangazi Mbeyu, Zainabu, Waziri na Iddi wanakusalimu sana. Shangazi anakuombea kila baada ya swala, na jina lako analitaja kwa sauti mpaka sisi wa barazani tunaitikia amina. Mwenyezi Mungu akulinde na joto la huko na upweke wake, akupe riziki ya halali na usingizi mzuri.

Safari hii nimekubebea, na nimefanya kwa moyo mweupe. Lakini ikifika siku yangu mimi, Mungu aiweke mbali, sitakuwa na bega la kukubebea. Njoo nyumbani, mdogo wangu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ukinuna na ukicheka,

Mbarak