Onja Wewe Kwanza

Napoli, Italia

Shikamoo Bibi,

Uliponikatalia kuja kusoma Ulaya ulisema baridi itaniua. Leo kiongozi wetu wa matembezi naye alitaka nibaki chini ya mlima unaotema moto, eti Mwafrika haiwezi baridi ya juu. Mtu niliyezoea baridi ya Sumbawanga! Nilimtangulia mpaka kileleni.

Kabla ya hapo tuliona mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima huo. Mitungi ya kilabuni bado ipo, mikubwa kama yako ya pombe.

Tuliposhuka mlimani, kiongozi akatumiminia divai. Nikamwambia, "Onja wewe kwanza. Kwetu mwenye pombe huanza, mgeni ajue haina sumu." Akacheka, akaonja.

Mimi na wewe tuliachana kwa maneno makali, Bibi. Nikirudi nitilie pombe yako ya ulezi, wala usionje kwanza. Nitakunywa.

Mjukuu wako,
Gaudensi