Kompyuta ya Mustapha

Alhamisi, 1 Julai 1999

Imefika. Imeshushwa kwenye Fuso pamoja na magunia ya chumvi, Mustapha mwenyewe kaibeba kama mtoto mchanga. Kompyuta! Makambako hii ya upepo na vumbi la malori. Na wa kuiendesha ni Priska, mwanangu, mwenye cheti cha miezi mitatu cha Iringa.

Mimi na taipureta yangu tumehamishiwa barazani. Miaka kumi na tisa nilichapa ofisi ya serikali kule Njombe, wakanipunguza. Miaka mitano nimemchapia Mustapha barua zote za malori yake. Leo ananiambia, Mama Priska, hapo nje utapata wateja wa kupita. Wateja wa kupita! Julai, na baridi hii.

Priska alikuwa anafungua maboksi.

Jumamosi, 3 Julai

Nimeichungulia. Kila neno la Kiswahili inalipigia mstari mwekundu. Barua nzima imechorwa utadhani daftari la mwanafunzi mzito. Nikamwuliza Priska, hii imesoma wapi? Akacheka — haijui Kiswahili, mama, usiijali. Sasa isiyojua lugha inanisahihisha nini?

Na karatasi! Kosa moja tu, anatoa ukurasa mpya. Nimehesabu karatasi saba kwa barua moja. Mimi kabon naitumia mpaka inatoboka. Utepe ukififia naudondoshea mafuta ya cherehani, nauzungusha, unaandika tena wiki mbili. Taipureta haili umeme. Nilimwambia Mustapha yote haya. Akasema dunia inakwenda mbele, mama. Iende tu.

Jumanne, 6 Julai

Agustino wa Matembwe, yule wa mbao, amekuja na barua ya kuomba kibali. Kamwene, kamwene, tukasalimiana vizuri. Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Akakohoa. Akasema — kwa adabu kabisa — safari hii anaomba ya kompyuta, maana maofisini wanaiheshimu zaidi. Miaka minne namchapia mtu huyu! Nikamwonyesha mlango wa ndani, kwa Priska.

Alitoka na barua ya herufi nzito, imenyooka kulia na kushoto. Nzuri. Nimeumia kuiona ilivyo nzuri.

Redio imesema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitachanganyikiwa tarehe, nyingine zitakufa kabisa. Miezi sita tu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya ibada nimemaliza kufuma kitambaa. Uzi mweupe, pindo la waridi. Redio ya nyumbani inacho, makochi yanavyo, hata saa ya ukutani. Halafu mashine ya fedha zote zile ikae uchi kama kuku aliyenyonyolewa? Watu watatuonaje? Nataka Priska ajue sina kinyongo. Ninacho, lakini.

Jumatatu, 12 Julai

Mwanaheri, mke wa Mustapha, amekisifu mno kitambaa. Ameniagiza kingine cha televisheni yake.

Priska alishukuru, ila akanishika mkono. Mama, ikiwa inawaka usiifunike, ina matundu yake ya kupumulia hapa nyuma. Funika jioni, nikishaizima. Nikamwambia nimesikia. Mtoto niliyempanga vidole kwenye herufi mimi mwenyewe, leo ananifundisha kufunika!

Alhamisi, 15 Julai

Balaa. Kompyuta imeungua.

Mchana Priska alitumwa posta, Mustapha alikwenda msikitini. Upepo mkali, malori ya Songea yanafuatana, vumbi mpaka kwenye chai. Nikaingia ndani. Kioo kilikuwa cheusi. Nikadhani imezimwa. Nikaifunika kitambaa, na juu yake blanketi langu la miguu, kwa ajili ya vumbi. Nikarudi barazani. Muda kidogo, harufu ya plastiki. Halafu mlio — paa! Nikakimbia kufunua. Moshi.

Blanketi nikalirudisha miguuni pangu. Kitambaa nikakiacha palepale.

Mustapha alipiga kelele mpaka wauza viazi wakaja kuchungulia.

Ijumaa, 16 Julai

Fundi amekuja kutoka Iringa. Amefungua, ametikisa kichwa. Imepikwa, akasema. Akaeleza kwamba kioo kikiwa cheusi chenyewe haina maana imezimwa, inapumzika tu, ndani inawaka.

Mustapha akauliza nani aliyeiacha hivyo na nani aliyefunika. Nilifungua mdomo. Priska akaniangalia, akanitangulia. Ni mimi, bosi. Nilifunika nikasahau kuzima, nilikuwa na haraka ya posta.

Mustapha hakuuliza mara ya pili. Nami nikafunga mdomo.

Nyumbani Priska alipika ugali na maharage, akanipakulia mimi kwanza.

Jumapili, 18 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesingizia kichwa.

Nimesoma niliyoandika Alhamisi. Uongo! Daftari langu mwenyewe naliongopea. Sikudhani imezimwa. Ilikuwa inavuma, nilisikia. Niliweka mkono juu yake, ilikuwa ya moto. Na Priska alishanionyesha matundu. Nikafunika. Tena blanketi nililikunja mara mbili.

Sikutaka ife. Nilitaka iugue siku mbili tatu, watu warudi barazani. Mwanangu hata sikumfikiria. Basi, nimeandika.

Jumanne, 20 Julai

Mustapha amenirudisha ndani. Meza ileile, dirisha lileile. Wateja watatu kabla ya saa nne. Agustino naye alipita na mbao zake, akasema huyu mama ndiye anayejua kazi. Nilingoja kufurahi. Wapi.

Saa nane Mustapha akanipa karatasi yenye mwandiko wake. Huyu hamfukuzi mtu kwa mdomo. Hata utingo anaandikiwa barua, nakala mbili na muhuri. Akasema, niwie radhi, Mama Priska, najua ni mwanao, lakini mwenye kuchapa hapa sasa ni wewe tu. Nataka kusaini kabla ya kufunga. Akatoka kusimamia Fuso yake.

Nimechapa tarehe. Nimechapa Ndugu Priska. Nimechapa YAH: KUACHISHWA KAZI KWA UZEMBE, nikapiga mstari chini yake, umenyooka. Vidole vinakwenda vyenyewe. Kisha Mustapha ameandika: "Kwa kuwa umekiri mwenyewe." Hapo nimekwama. Nimelitoa daftari hili mkobani ili niandike lolote lisiwe hilo — naandika, lakini si pale.

Mustapha namwona dirishani, anahesabu magunia. Nikisimama, hatua ishirini namfikia. Neno lenyewe ni moja tu: mimi. Nikilisema, Priska anabaki, na mimi narudi barazani, au hata barazani sirudi. Miaka hamsini na moja. Nani atanichukua?

Kwanza nimalize barua, halafu nimwambie? Au nimwambie, barua nichane? Nimekaa tu.

Huyo Priska anavuka barabara na chupa ya chai. Hajui. Asubuhi alisema akimaliza kufagia bohari atakuja kunisomea barua za wateja, mimi nichape, ili tuwahi kurudi nyumbani. Mwandiko wa Mustapha uko hapa mezani, wazi. Mkono wangu uko juu yake. Ameshafika mlangoni, anaita mama —