Corvette ya Royce

Jumapili, 29 Juni 2014

Dwaine amemaliza. Miaka kumi na mmoja gereji, na leo tulipotoka kanisani akaitoa uani — Corvette ya mwaka 1959, nyekundu, ubavuni nyeupe, kama imetoka kiwandani jana. Majirani wakaja kutazama. Akawaonyesha alivyoiunga pua yake.

"Bodi yake si bati, ni faiba. Ikigonga haibonyei, inapasuka kama ganda la yai. Kaka yangu aliivunja vipande thelathini. Pombe hiyo."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nagawa pai. Nami nikacheka.

Jumanne, 1 Julai

Royce anakuja. Dwaine amempigia simu Oregon bila kuniambia, amemwalika kwenye gwaride la sikukuu ya Uhuru, Ijumaa. Hawajaonana tangu mazishi ya mama yao.

"Nataka alione gari lake," anasema. "Na ajue nimemsamehe."

Nilikuwa namenya viazi. Nikamenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

Niandike basi, walau humu. Agosti 1963. Royce alikuwa mchumba wangu. Gari lake, na hakuwa ameonja hata tone. Aliyeshika usukani ni mimi — miaka kumi na minane, sina leseni, nataka kuona mshale wa mwendo ukigusa maili mia. Kona ya kanisa la Walutheri. Ukuta.

Royce alinivuta nje, akaniambia nikimbie nyumbani kupitia kwenye mahindi. Baba yako atakuua, alisema, mimi nitasema ni mimi. Nikakimbia. Sikugeuka hata mara moja.

Baba yake akamfukuza. Mji mzima ukamwita mlevi. Aliniandikia barua tatu, sikujibu hata moja. Mwaka wa tatu nikaolewa na mdogo wake, Dwaine.

Alhamisi, 3 Julai

Amefika saa nane mchana. Amekonda, anatembea kwa mkongojo. Akanipa mkono.

"Hujambo, shemeji."

Shemeji. Haya.

Alilizunguka gari, kisha akapitisha kiganja pale puani. Akasema huwezi kujua palipopasuka. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo," Dwaine akajibu, kifua mbele.

Mezani Dwaine akatoa maneno aliyokuwa ameyaandaa. "Yamepita, kaka. Lakini nisikie mara moja tu kwa mdomo wako, kwamba ulikosea kuendesha umelewa."

Royce akatazama sahani yake. Mimi nimesimama na birika la kahawa. Nafasi nilikuwa nayo — mtu angeweza kuhesabu mpaka ishirini.

"Nilikosea," Royce akasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Nikammiminia kahawa. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote: mkono haukutetemeka.

Ijumaa, 4 Julai, asubuhi

Gwaride ni saa nne. Gari lina viti viwili tu. Dwaine alimnyooshea Royce ufunguo.

"Endesha wewe. Sasa nakuamini."

"Goti langu halikanyagi klachi tena," Royce akasema. "Mpe mkeo."

"Arlys na gia za mkono wapi na wapi? Huyu hajawahi kuligusa."

"Amewahi."

Alisema polepole, bila kunitazama. Dwaine akacheka. Halafu akaacha.

"Lini?"

Nikasema nafuata kofia yangu.

Niko chumbani juu. Kofia iko magotini. Injini ilikuwa inanguruma uani, sasa imezimwa. Dirishani namwona Royce ameegemea mlango wa gari, anatazama chini. Hatamwambia. Miaka hamsini na moja hakusema, hataanza leo. Ameniachia mimi.

Dwaine ameingia ndani. Yuko chini ya ngazi, ananiita. Hafoki. Ananiita jina tu, kisha ananiita tena.

Anapanda. Mlango sijaufunga, wala sitaufunga.