Mlango Hufungwa Ukiomba

Garissa,
Machi 1997

Kwa dada yangu Arbia,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Isiolo, wewe na mama yako, na miguu yake imepata nafuu. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi, ila joto linatukaanga.

Huenda umesikia nina kesi, kwa kuwa maneno ya Garissa hufika Isiolo kabla ya basi. Nilibakwa, Arbia. Wazee walitaka yaishe kwa maslaha: ngamia waletwe, baba apokee, mimi ninyamaze. Baba alikuwa ameshakubali. Nikamwambia kwa adabu kwamba ngamia hao atawachunga mwenyewe, mimi nakwenda polisi.

Siku ya kwanza kizimbani nilishindwa. Mabenchi yalijaa wanaume wa ukoo wa mtu aliyenibaka, na mkalimani alikuwa shemeji yake. Ningeyatamkaje mambo yale mbele yao? Nililia tu, hakimu akaahirisha. Nilijikasirikia sana.

Kisha mwendesha mashtaka akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: hakimu anaweza kuwatoa watu nje, ila sharti aombwe. Tukaomba. Walitoka wakinung'unika, mlango ukafungwa, akabaki mama yangu tu kando yangu. Mkalimani nilimkataa, nikasema kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho. Wakili wa mtu huyo aliniuliza kuhusu wanaume niliowahi kuzoeana nao, kana kwamba mimi ndiye mshtakiwa. Iliniuma, lakini nilimjibu.

Sasa hakimu anasema sheria inamtaka awe na hadhari na neno la mwanamke mmoja. Bila ushahidi mwingine, huenda mtu huyu akaachiliwa.

Jina lake wengi wanalificha, basi nakuambia mimi. Ni Diriye, mwalimu mkuu uliyefundisha chini yake kabla yangu. Darasa lako nilipewa mimi, ulipoondoka katikati ya muhula bila kuaga. Sijawahi kukuuliza sababu, na leo pia siulizi. Nataka tu ujue kwamba mlango hufungwa, kwamba utachagua lugha yako na mtu wa kukaa nawe. Na uje usije, mimi sirudi nyuma.

Kesi itasikizwa tena baada ya Idi. Mama anakusalimu sana. Amekwisha kutandika kitanda cha pili, wala sikumwambia kitu.

Mwenzako tangu chuo cha ualimu,
Ifrah Yarrow