Jenereta ya Baba Inalipuka Ikizimwa

Uthiru, 4 Mei 2025

Dada Naliaka,

Umeamkaje huko Webuye, na goti linasemaje? Sisi tu wazima, ila tumbo langu limezidi kunitangulia kila niendako. Naandika kwa sababu najua simu yako unaitumia kama tochi tu.

Ile jenereta ya marehemu baba uliyonitumia Pasaka inaniaibisha. Stima ikipotea, inawasha kibanda changu chote cha kinyozi bila shida. Nikiizima tu, bomba la moshi linalipuka kama bunduki. Jana mteja aliruka na ndevu nusu. Mwenye ploti, Kitavi, akasema, "Isaiah, mara moja tena na hiyo kitu itoke hapa."

Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, nimemwaga petroli kuukuu. Nimeipeleka Dagoretti Corner kwa fundi Odhiambo. Kwake ilizimika kama mtoto aliyeshiba. Akaniuliza kama nimelewa.

Isipopona nitaiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Na ndiyo sauti pekee ya baba tuliyobaki nayo.

Ndugu yako mdogo,
Isaiah

Webuye, 12 Mei 2025

Mdogo wangu,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Nalisalimu tumbo kwanza, maana ndilo linalofika kabla yako.

Usiuze. Unakumbuka baba akikodishwa na jenereta yake kwenye harusi? Ngoma ikiisha anachomoa spika, anachomoa balbu, halafu anaiacha ingurume bure, yeye anakunywa chai. Wewe, bado mtoto, unalia, "Twende nyumbani." Kikombe kikiisha anafunga koki ya petroli, inazimika yenyewe. Alikuwa akisema, "Itue mzigo kwanza, ndipo ilale."

Kwa Odhiambo haikuwa imebeba kitu. Wewe unaizima huku taa, redio na mashine ya kunyoa zikiwa bado mgongoni mwake. Hata wewe ungelipuka.

Dada yako,
Naliaka

Uthiru, 20 Mei 2025

Dada,

Tumbo limepokea salamu, linaomba na chapati.

Jumamosi nilichomoa kila kitu, nikamimina chai, nikakaa. Kikombe kilipoisha nikafunga koki. Ikakohoa kidogo, ikashusha pumzi, kimya. Kitavi alikuwa mlangoni ameziba masikio kwa vidole. Ikabidi nimshike mkono nimwambie imeshazimika.

"Imekufa?"

"Imelala."

Siku hizi nakunywa vikombe viwili. Cha kwanza ni cha jenereta. Cha pili ni changu. Hakuna mtoto hapa wa kulia "Twende nyumbani," basi sina haraka.

Ndugu yako mdogo,
Isaiah