Kontrola ya Mashine ya Maziwa

Jumatatu, 10 Machi 2025

Stima ilipotea tukipakia maziwa ya ngamia kwenye pakiti. Mashine ikasimama. Qabale, mpakiaji wetu, akaingiza mkono kutoa pakiti iliyokwama – stima ikarudi – na ile taya ya kukata ikashuka yenyewe! Hakuna aliyegusa kitufe. Ilishika mkono wa koti tu, ikararua mpaka kiwiko. Akakaa sakafuni. Amefunga Ramadhani, hata maji hawezi kunywa. Nikamshika mabega, sijui nani alikuwa anatuliza nani.

Nimefungua boksi la mashine. Kontrola imeungua.

Jumanne, 11 Machi

Murithi, meneja wetu, aliuliza kontrola ni nini hasa. Nikamwambia ni kile kisanduku kinachoambia mota isonge lini, isimame wapi.

"Basi chagua, Natabo. Wewe ndiye fundi."

Ramadhani hii maziwa yanagombaniwa mjini. Yale ya wafugaji wa Sericho yakilala, yanaharibika.

Kontrola ziko mbili. Moja ni mpya: stima ikikatika inafunga mota kabisa, haisongi mpaka mtu abonyeze. Lakini inatoka ng'ambo, itafika baada ya Idi. Nyingine ilitumika kwa bekari huko Meru. Ina kasi, iko tayari. Nilipigia fundi wao simu: stima ikirudi, inafanya nini? Akajibu: "Inategemea."

Inategemea nini?

Nimechagua mpya. Murithi hakusema ndiyo.

Jumatano, 12 Machi

Ya Meru imefika. Sikuiagiza mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeijaribu mezani, mota peke yake, bila taya. Nazima, nawasha. Imetulia. Nazima, nawasha. Imetulia. Asubuhi yote, mpaka nikajiona mjinga. Nikainuka ninyooshe mgongo, nikawasha bila hata kuangalia – ikazunguka! Kidogo tu, halafu tuli.

Nimebadilisha nyaya. Nimebadilisha mipangilio yake yote. Haikurudia. Hiyo ndiyo inanitisha zaidi.

Nikamwambia Murithi basi tuzime swichi kubwa kila pakiti ikikwama. Akasema zinakwama kila saa, tutamaliza lini? Akauliza kama kuna mwingine aliyeona. Hakuna.

"Pengine uligusa kitu."

Pengine niligusa?

Ijumaa, 14 Machi

Niko stoo, nimejifungia. Nimekuta wameshaifunga ile ya Meru kwa mashine – Murithi aliita yule fundi wa Meru. Mitungi ya maziwa imejaa mpaka mlangoni. Nikazima swichi kubwa, nikaifunga, nikachukua ufunguo wake. Murithi anagonga. Hapigi kelele, anabembeleza – afadhali angepiga kelele! Anasema maziwa yakimwagwa, wenye ngamia wataambiwa ni Natabo.

Sasa amesogea kando. Ni Qabale. Anaongea karibu na mbao za mlango, polepole. Hajali Murithi anasema nini, wala huyo wa Meru.

"Wewe ndiye umeijaribu. Ukiniambia iko sawa, naingiza mkono. Iko sawa?"

Namsikia akipumua.

Ameuliza tena. Na mimi – Mungu nisamehe – nimejikuta nahesabu zile mara zote ilipotulia, si ile moja ilipozunguka.