Ukuta wa Bibi, Matombo

Mama, shikamoo. Mimi na Bibi hatujambo.

Mvua ya juzi iliangusha ukuta wa chumba chake. Mjomba akaja kumchukua ili akaishi naye mjini. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaingia kwenye udongo uliolowa, akaanza kuukanyaga.

"Fito ni nzima, udongo huu hapa. Nihame kwa lipi?"

Majirani wakaja na ndoo za maji. Mjomba naye akavua viatu. Tulikandika mpaka alasiri, tukala ndizi za nazi.

Jioni Bibi alinionyesha ukuta wa sebuleni. "Hapa alikandika mama yako kabla hajaolewa." Alama za vidole vyako bado zipo, Mama. Ni vidogo kuliko vyangu.

Mungu akutunze.
Mwanao, Zuhura